Bunduki ya upepo inayotawanya risasi baada ya kuhamia Nakuru

Ndugu, unasema kwamba tangu uhamie Nakuru kutoka Mombasa, bunduki yako ya upepo yenye springi hutawanya risasi kwenye shabaha ya mita 25, nawe umezungusha vitufe vya darubini hadi ukachoka. Mwinuko wa Nakuru, takriban mita 1,850, hufanya hewa kuwa nyepesi na huenda risasi ikapiga juu kidogo, lakini hauzitawanyi.

Anza na skrubu za vishikio vya darubini. Springi huitikisa bunduki nyuma kisha mbele kwa ghafla. Yangu ilisogeza kishikio hadi kikaacha mkwaruzo mweupe kwenye reli ya bunduki inayokishikilia, nami nilikuwa nimemaliza kopo zima la risasi nikisahihisha kosa lisilokuwepo. Kaza kwa zamu, bila kutumia nguvu nyingi. Kisha ilaze bunduki juu ya kiganja kilicholegea badala ya kuibana, upige risasi tano bila kugusa darubini. Zikikusanyika pembeni, hapo ndipo vitufe vina kazi: kwa darubini ya robo dakika ya pembe (dakika ya pembe ni sehemu ya 60 ya digrii), mlio mmoja wa kitufe kinapozungushwa husogeza pigo takriban milimita 1.8 kwa mita 25, hivyo kosa la sentimita 4 ni milio 22. Zikizidi kutawanyika, jaribu risasi za uzito mwingine.

Usitie mafuta ndani ya silinda, kwani huweza kulipuka yakibanwa. Springi yenyewe mwachie fundi wa silaha mwenye leseni, na kabla ya kufyatua tena, hakikisha kibali chako kutoka Bodi ya Leseni za Silaha bado ni halali.