Panya 40 na Salmonella: usihesabu vifo, mdogo wangu

Mdogo wangu, usiguse sindano kwanza. Umeandika una panya weupe 40, utawachoma bakteria wa Salmonella, nusu yao utawanywesha maji ya majani yako ya dawa, kisha siku 7 uhesabu waliokufa. Unauliza ukubwa wa vizimba, chakula na dozi. Mimi huko kuhesabu vifo ndiko kulikoniharibia kazi hapa hapa Bukavu.

Aliyenisimamia alinipa fotokopi ya zamani, akasema fanya hivi hivi. Nikamuuliza, je, wakiteseka? Akanijibu panya ni panya. Hadi leo nina hasira naye. Wanasayansi Russell na Burch waliandika tangu 1959 kwamba tutafute njia isiyotumia wanyama, tupunguze idadi yao, tuwapunguzie maumivu. Yeye ni msomi, na hakunitajia hata mara moja.

Jioni ya siku ya tano niliwaacha wamejikunyata, manyoya yamesimama, ukigonga kizimba hawageuki. Nikafunga mlango wa labo, nikarudi Kadutu kulala. Baridi ya usiku wa huku unaijua. Asubuhi nilikuta tisa wamekufa, wawili kati yao wametafunwa na wenzao. Mmoja alikuwa hai bado, amelala ubavu, anahema, chupa ya maji iko juu yake na hawezi kuifikia. Huyo simsahau. Bandama nilizotoa ili nihesabu bakteria hazikufaa kitu, maana mnyama akishakufa bakteria huendelea kuzaana ndani yake, na hesabu unayopata si ya ugonjwa tena. Hata vifo vyenyewe: nani alikufa kwa Salmonella, nani kwa kiu, nani kwa baridi? Waliniuliza siku ya kutetea kazi, nikanyamaza. Wanyama wale waliumia bure.

Kwa hiyo, kabla ya sindano ya kwanza, andika ni dalili gani ikitokea utamuua mnyama kwa dawa ya usingizi, bila kungoja afe mwenyewe. Pima uzito kila siku. Wengi huweka mpaka wa kumuua pale uzito unapopungua kwa asilimia 20. Pima na joto. Usitegemee homa kama ya mtu: panya akizidiwa na maambukizo hupoa. Joto lake la kawaida ni karibu nyuzi 37, na likianza kuporomoka, muda wake umefika. Wakague hadi usiku. Kama hakuna wa kulala labo, usianze. Ukimtoa bandama palepale, kila panya anakupa hesabu ya bakteria badala ya "kafa" au "hai" tu, na huenda 40 usiwahitaji.

Majani yako umeyajaribu kwanza kwenye sahani za kuoteshea bakteria? Na kwenye viwavi vya nondo wa nta? Wafuga nyuki wa Kabare wanawajua viwavi hao, maana ndio wanaoharibu masega. Wanavumilia joto la 37 kama la mwili wetu, na kiwavi akiugua anageuka mweusi, unamwona kwa macho.

Niandikie hapa mpaka uliouweka, leo, kabla hujachoma hata mmoja.