Kundi la watu 612, kikaoni tukawa 17

Mara ya kwanza kusimamia kampeni mtandaoni, nilikuwa na mgombea mmoja wa udiwani na kundi la WhatsApp lenye watu 612. Kukicha tu linachemka: madole gumba, picha za mgombea, "tuko pamoja kamanda". Nilikuwa nalala na simu mkononi nikiamini tumeshashinda. Ikafika jioni ya kugawana vituo vya kupigia kura. Tulikuja 17, na wawili kati yao walikuwa wamekosea mlango, wanatafuta kikao kingine kabisa.

Sikasiriki tena nikikumbuka, maana kosa lilikuwa langu. Wiki sita nzima niliwazoesha watu kushangilia. Sikuwahi kumpa hata mmoja kazi.

Intaneti imerahisisha jambo lililokuwa likiwatesa sana wanasiasa wadogo, nalo ni kujuana. Zamani, ili watu elfu moja wenye kero moja wajue kwamba wako elfu, ilibidi kuwe na matawi, makatibu, gari la matangazo na miezi ya kutembea nyumba kwa nyumba. Leo ni usiku mmoja. Lakini miezi ile haikupotea bure. Humo ndimo watu walimojua nani hutimiza ahadi, nani ana mdomo tu, nani aachiwe fedha na nani asisogezwe karibu nazo. Umati uliokusanywa kwa usiku mmoja haujui lolote kati ya hayo, na mambo yakichacha ndipo utaona pengo.

Wakubwa kuliko mimi wameshaumia hapo. Mwaka 2003 Howard Dean, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Vermont na sasa akiwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic, aliwashangaza wanasiasa wa Marekani kwa kuchangisha mamilioni ya dola mtandaoni, michango midogo midogo, huku wafuasi wake wakipanga mikutano kupitia tovuti ya Meetup. Januari 2004 kura za kwanza za kumteua mgombea zilipopigwa jimboni Iowa, akaambulia nafasi ya tatu. Miaka minne baadaye watu wa Barack Obama walipita njia hiyo hiyo, ila tovuti yao haikuishia kuomba pesa. Ilimpa mfuasi orodha ya watu wa kuwapigia simu, tena ikamwezesha kuitisha kikao nyumbani kwake.

Kwa hiyo kama huna muda, soma hili tu: kila anayeingia kwenye kundi apewe kazi ndogo ndani ya saa 24, na apewe kwa jina. Usiandike "tunaomba watu wajitokeze". Ukiwaambia wote, hujamwambia mtu. Mpigie mmoja: "Dada, barabara yenu ina nyumba ngapi? Nipatie idadi kesho jioni." Asipojibu, umeshajua kitu. Akijibu, mpe kubwa zaidi. Inachosha, nakiri, mimi nilikuwa napiga simu 20 kwa siku mpaka sikio linawaka moto.

Saini za mtandaoni nazo usizidharau, ila jua uzito wake. Uingereza, ombi likifikisha saini 10,000 serikali hulijibu; likifikisha 100,000 hufikiriwa kujadiliwa bungeni. Machi 2019 ombi la kutaka nchi ibaki Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni 6. Lilijadiliwa, na Januari 31, 2020 nchi ikajitoa. Kabla ya kuanzisha ombi lenu, ulizaneni: huyu tunayempelekea atapoteza nini akilitupa? Mkikosa jibu, ahirisheni, kwanza mtafute atakachopoteza.

Kuhusu uvumi sitasema mengi. WhatsApp ilipunguza tangu 2019 idadi ya watu au makundi unayoweza kuwasambazia ujumbe kwa mkupuo, ikawa 5, na bado uongo unakimbia. Sisi tuliacha watu watatu tu waandike kwenye kundi kubwa, majadiliano tukayahamishia kwenye vikundi vya watu kumi kumi wanaofahamiana. Wapo walionuna wakaniita dikteta. Nikanyamaza.

Halafu weka namba za simu kwenye daftari. Ndiyo, la karatasi. Misri, serikali ilipozima intaneti usiku wa kuamkia Januari 28, 2011, barabara zilifurika waandamanaji vile vile: wito wa kuandamana Ijumaa baada ya swala ulikuwa umeshatoka, na kila mtu aliujua msikiti wake ulipo. Kwetu hakuna serikali iliyozima chochote. Admini wetu alidondosha simu majini, basi, tukakaa siku mbili bila kujua nani yuko kituo gani.

Kundi ninaloliongoza sasa lina watu 43. Kuna siku linakaa kimya kutwa, halafu usiku anaibuka mmoja: "Kwangu tayari. Nani hajapata fomu?"