Maswali ya Wasomaji: Muhula Unanikimbia

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili na wakala wa pesa za simu sokoni Arua. Nilijiunga na stashahada ya uhasibu inayofundishwa kwa mtandao na chuo kimoja cha Kampala. Wiki nne za mwanzo nilikwenda vizuri. Sasa tuko wiki ya saba kati ya kumi na tano, nimekosa kazi mbili, na mihadhara kumi na moja ya video inanisubiri. Nilijipangia kusoma saa nne usiku, watoto wakishalala, lakini usingizi hunishika kabla mhadhiri hajamaliza salamu. Kazi ya pili niliimaliza, ila nilipoipakia saa sita kasoro dakika tano usiku mtandao ulikwama, na saa sita ilipogonga mfumo ukafungwa. Mume wangu ananishauri niache hadi watoto wakue. Nifanyeje? – Msomaji, Arua

JIBU: Dada yetu, pole kwa kazi. Kwa mtu aliyefungua kibanda tangu asubuhi, saa nne usiku ni saa ya kulala, na sioni nidhamu itakayobadili jambo hilo. Kwa siku tatu, andika katika daftari lako la miamala saa ambazo wateja hupungua, kisha uchague moja ya saa hizo iwe ya masomo kila siku ya kazi. Usijiwekee zaidi ya dakika 25 kwa mkao mmoja. Kipimo hicho alikizoea Francesco Cirillo, mwanafunzi wa Italia, mwishoni mwa miaka ya 1980, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, na kinamfaa sana mtu ambaye mteja anaweza kumkatiza wakati wowote.

Kibandani soma maandishi, usiangalie video. Muhadhara wa saa moja unaweza kula mamia ya megabaiti, ilhali maelezo yake yaliyoandikwa mara nyingi hayafiki hata megabaiti moja. Na kwa kuwa tangu Julai 2021 bando la intaneti nchini mwetu Uganda linatozwa ushuru wa asilimia 12, video uliyosinzia ukalazimika kuirudia umeilipia mara mbili, na ushuru wake pia.

Kuhusu ile mihadhara kumi na moja, usianze na wa kwanza. Nimewaona wengi wakizama hapo: wanafukuza wiki ya tatu huku ya saba ikiwapita, na mwisho wanakosa zote mbili. Anza na muhadhara wa wiki hii, kisha urudi nyuma pale tu unapokwama. Uhasibu hupandwa kwa ngazi, na asiyeelewa debiti na krediti, yaani pande mbili za kila muamala, hawezi kusawazisha urari, yaani jumla za pande hizo, kwa hiyo huenda ukahitaji mihadhara miwili au mitatu ya zamani. Iliyobaki ipitie wakati wa kujiandaa kwa mtihani. Hesabu zenyewe zinataka utulivu ambao soko halina. Mwombe mume wako akae na watoto saa mbili kila Jumapili, jambo ambalo ni jepesi kukubaliwa kuliko mjadala wa kuacha au kutoacha.

Leo hii mwandikie mhadhiri kuhusu kazi iliyokwama, ukiambatisha picha ya skrini inayoonyesha saa. Vyuo vyetu vingi huhesabu kazi za muhula kwa alama 30 au 40 kati ya 100, na alama hizo hazifai kuachwa kwa aibu ya kuomba. Kuanzia sasa, siku yako ya mwisho iwe siku moja kabla ya ile ya chuo.

Na kuacha? Katika kozi huria za Harvard na MIT, vyuo vikuu vya Marekani, yaani kozi za mtandaoni zilizo wazi kwa yeyote, za mwaka 2017–18, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya waliojiandikisha, lakini miongoni mwa waliolipia cheti walifika asilimia 46. Kozi yako si ya namna hiyo, ila nawe umelipa na umekaribia nusu ya njia. Hali ikizidi, omba kwa barua kuahirisha muhula, maana anayetoweka kimya hurudi akakuta deni na alama za sifuri.

SWALI: Nasoma chuo cha Uingereza nikiwa Jinja. Tangu Januari nimekuwa nikiwasilisha kazi saa nane na nusu usiku bila tatizo, lakini mwezi Aprili nilikuta nimechelewa. Je, nimeonewa? – Msomaji, Jinja

JIBU: Hujaonewa. Uingereza husogeza saa zake mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, nasi hatusogezi. Kikomo cha saa sita kasoro dakika moja usiku ya London, ambacho wakati wa baridi kwetu ni saa tisa kasoro dakika moja, hapo kinakuwa saa nane kasoro dakika moja, na saa nane na nusu yako inakuwa imekipita. Kitarudi kilivyokuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba.