Maswali ya Wasomaji: Mkanda wa Kiti Unaojiendesha Ukikwama Njiani

SWALI: Mhariri wa safu ya magari, salaam. Ninaishi Columbus, Ohio, na nina Toyota Cressida ya mwaka 1989 niliyoinunua kwa mzee aliyekuwa mmiliki wake wa kwanza. Gari hili lina mkanda wa begani unaoendeshwa na mota: ukifungua mlango, ncha ya juu ya mkanda hutembea kwenye reli iliyo juu ya mlango hadi karibu na kioo cha mbele, ukifunga mlango na kuwasha ufunguo, hurudi hadi kwenye nguzo iliyo nyuma ya bega. Tangu baridi ianze, mkanda wa dereva unaishia katikati ya reli. Asubuhi hausogei kabisa, ila nasikia mota ikivuma kwa sauti nzito, kisha inanyamaza. Mchana gari likipata joto, mara nyingine unafika mwisho. Upande wa abiria ni mzima. Fundi wa kwanza amesema mota imekufa na nitafute nyingine. Wa pili amenishauri nikate nyaya na nisahau habari hiyo. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, umetaja mambo matatu ambayo wengi husahau kuyaandika, yaani sauti, hali ya hewa na hali ya upande wa pili, na kwa maelezo hayo peke yake mimi nisingenunua mota. Mota iliyokufa haivumi, wala haipati nafuu mchana. Inayovuma kwa sauti nzito kisha ikanyamaza ni mota inayopata umeme na inayojaribu kuzunguka, lakini kuna kitu kinaizuia. Na kitu kinachozuia zaidi asubuhi ya baridi kuliko mchana, katika gari la umri huo, mara nyingi ni grisi ya kiwandani iliyozeeka ndani ya reli na kushikamana na vumbi. Upande wa abiria kuwa mzima nako kunatuambia kwamba umeme wa jumla wa mfumo huo huenda hauna kasoro, hivyo tutafute ugonjwa upande wa dereva.

Ni vyema kwanza uelewe kilichofichwa na plastiki za kufunikia nguzo. Ndani ya reli kuna kitoroli kidogo kinachobeba ncha ya mkanda. Kitoroli hicho husukumwa na kuvutwa na utepe mgumu wenye meno au matundu, unaoshuka ndani ya nguzo hadi kwenye gia ya mota. Kila mwisho wa safari kuna swichi ya kikomo inayoiambia mota isimame. Swichi ya mlango na ufunguo wa gari ndivyo vinavyoamua mkanda uende mbele au urudi nyuma, na mota hubadili mwelekeo kwa nyaya zake mbili kubadilishana chanya na hasi. Kwa hiyo mkanda ukikwama, kosa linaweza kuwa katika njia ya kitoroli, katika utepe na gia, katika mota yenyewe, au katika umeme unaoiamuru. Kazi ya mchunguzi ni kuyatenganisha haya kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Anza na jaribio lisilohitaji hata bisibisi. Fungua kifungio cha dharura cha mkanda wa begani, ili kitoroli kitembee bila kuvuta mkanda, kisha fungua na ufunge mlango ufunguo ukiwa umewashwa. Kitoroli kikienda vizuri bila mkanda na kukwama ukiurudisha, basi reli haina hatia kubwa; angalia kile kifaa kinachokunja mkanda kando ya kiti, kwani mkanda uliojisokota au kujaa uchafu hukifanya kivute kwa nguvu isiyostahili. Kisha rudia jambo hilo hilo injini ikiwa inaunguruma. Betri iliyopumzika vizuri huwa na takriban volti 12.6, na injini ikiwaka umeme hupanda hadi karibu volti 14. Mwendo wa kitoroli ukibadilika sana kati ya hali hizo mbili, usiache kupima betri na miunganiko ya nyaya.

Kuna jambo jingine dogo ambalo mimi hulithamini sana. Washa taa ya ndani, uitazame wakati mkanda unapokwama. Ikififia kidogo kila mota inapovuma, mota inakula umeme mwingi kwa sababu imezuiwa. Isipofifia hata chembe na sauti isisikike, umeme haufiki. Taa hiyo haichukui nafasi ya kipimo, lakini hukuonyesha upande wa kuanzia.

Baada ya hapo ondoa waya hasi wa betri, toa plastiki za nguzo kwa uangalifu (klipu zake zimekauka na huvunjika kirahisi, hasa wakati wa baridi), kisha uutenge utepe na mota. Hapa ndipo ukweli unapojitenga na dhana. Utepe ukiwa umeachana na gia, sukuma kitoroli kwa kidole kutoka nguzo ya nyuma hadi mwisho wa mbele. Kinapaswa kuteleza kwa nguvu ile ile njia nzima. Pasikilize kwa makini mahali reli inapopinda kuelekea kioo cha mbele, kwa maana pale ndipo utepe unaposugua zaidi na ndipo uchafu unapokusanyika. Utahisi kidole kikihitaji nguvu zaidi, na wakati mwingine utasikia mkwaruzo mkavu. Kisha rudisha waya wa betri na uijaribu mota peke yake. Ikizunguka kwa kasi na kwa sauti nyepesi pande zote mbili, huyo fundi wa kwanza alikuwa anakupeleka kwenye gharama isiyo na sababu.

Ukiwa umeutoa utepe, ukague meno yake moja moja chini ya mwanga mzuri. Meno yaliyolika hujulikana pia kwa sauti: mota huzunguka kwa wepesi, hutoa mlio wa kutatarika, na kitoroli hakisogei. Sauti uliyoieleza si hiyo, lakini utepe uliolazimishwa kupita kwenye grisi ngumu kwa msimu mzima unaweza kuwa umekwisha kuanza kuumia. Usafishe kwa kitambaa kikavu na maji ya sabuni, ukaushe kabisa, kisha upake grisi nyembamba isiyodhuru plastiki na isiyoganda kwenye baridi, kama grisi ya silikoni. Petroli na vimumunyisho vikali usivitumie, kwa sababu huifanya plastiki ya zamani ipasuke. Mkanda wenyewe usiguswe na grisi wala oili kabisa. Ukichafuka, uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini na uachwe ukauke wenyewe.

Kwa ajili ya wasomaji ambao mkanda wao hausogei na hautoi sauti yoyote, nieleze kwa ufupi upande wa umeme. Pande zote mbili zikifa kwa pamoja, tazama fyuzi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) na umeme unaotoka kwenye ufunguo. Upande mmoja ukifa, mshukiwa wa kwanza ni swichi ya mlango. Taa ya ndani kuwaka mlango unapofunguliwa si ushahidi wa kutosha, kwa sababu katika magari kadhaa mkanda hutegemea swichi nyingine iliyo ndani ya kitasa. Pima kwenye plagi ya mota: mlango ukifunguliwa pawe na takriban volti 12 kwa mwelekeo mmoja, na ukifungwa ufunguo ukiwa umewashwa, mwelekeo ugeuke. Pimeni kwa taa ya majaribio pia, si kwa multimeta peke yake, kwa kuwa waya ulioliwa na kutu ukabakiza uzi mmoja unaweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye multimeta na usiweze kuwasha hata balbu ndogo. Na kama mkanda unakwenda upande mmoja tu, au mota inaendelea kuvuma baada ya kufika mwisho, nendeni moja kwa moja kwenye swichi za kikomo kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa nije kwenye ushauri wa kukata nyaya. Sikubaliani nao, na sababu yangu kubwa si sheria. Ncha ya mkanda hupata uimara wake kamili inapofika mwisho wa reli na kujifunga kwenye nguzo. Mkanda uliosimama katikati ya reli hauna nguvu hiyo, na pia unakupita mwilini kwa pembe isiyo sahihi. Usiendeshe gari ukiutegemea. Kwa muda unaosubiri spea, kisogeze kitoroli hadi mwisho wa nyuma, uhakikishe kimejifunga, uchomoe plagi ya mota, kisha uwe unafunga na kufungua mkanda kwa kifungio cha dharura. Plagi iliyochomolewa hurudishwa. Waya uliokatwa humsumbua kila fundi atakayefuata. Ujue pia kwamba sheria ya shirikisho ya Marekani inazikataza gereji na wauzaji wa magari kukizima kifaa cha usalama kilichowekwa kwa kufuata kanuni. Katazo hilo haliwahusu wenye magari wenyewe, lakini fundi mwenye leseni akikataa kukuzimia mkanda, anafuata wajibu wake.

Jambo la mwisho kwako, na ninaliandika kwa msisitizo: mota inakufunga begani tu. Mkanda wa kiunoni unaufunga mwenyewe. Bila huo, mwili huteleza chini katika ajali na mkanda wa begani unaweza kukukaba shingoni. Kagua na kitufe chake cha plastiki, kwani mwaka 1995 zaidi ya magari milioni 8 yaliitwa kukaguliwa Marekani, mengi yakiwa ya Kijapani ya kipindi kile kile cha gari lako, kwa sababu vitufe vya aina hiyo vilikuwa vikipasuka na vipande kuangukia ndani ya kifungio.

SWALI: Baba yangu aliwahi kuwa na Cressida hapa Arusha, na sikumbuki kuona mkanda unaotembea. Je, ni gari lile lile? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ni jina lile lile, ila soko tofauti. Cressida ya mwaka 1981 iliyouzwa Marekani ndiyo iliyoanzisha mkanda wa mota. Mwaka 1984 Waziri wa Uchukuzi wa Marekani, Elizabeth Dole, alitoa kanuni ya kuwalinda waliokaa mbele bila wao kufanya lolote: asilimia 10 ya magari ya mwaka wa 1987, 25 ya 1988, 40 ya 1989, na yote kuanzia 1990. Makampuni yaliruhusiwa kuchagua mfuko wa hewa au mkanda unaojifunga, na mengi yalichagua mkanda kwa kuwa ulikuwa na gharama ndogo. Sheria ya mwaka 1991 ikaelekeza mifuko ya hewa miwili mbele katika magari madogo yote ifikapo Septemba 1997, na mkanda wa mota ukatoweka. Nchi zetu hazikuwa na kanuni hiyo, kwa hiyo Cressida zilizokuja kwetu zilikuwa na mkanda wa kawaida wa kufunga kwa mkono.

SWALI: Nipo Muscat na nimenunua Nissan 240SX ya mwaka 1991 iliyotoka Marekani. Mota zote mbili za mikanda zimeungua. Naweza kuweka mikanda ya kawaida?

JIBU: Inawezekana, nami naona kwa hali yako ni njia ya busara, maana umbo hilo la gari liliuzwa Japani likiwa na mikanda ya kawaida, na sehemu zake hutafutwa na wapenzi wa magari haya. Tafuta seti kamili kutoka gari lenye umbo lile lile: kikunjio, kifungio, kishikio cha juu na bolti zake. Kabla ya kununua, toa plastiki ya nguzo na uone kama gari lako lina sehemu iliyoimarishwa ya kushikia mkanda, juu na chini. Ikiwa haipo, usikubali fundi atoboe bati la nguzo na kuweka nati ya kawaida kwa nyuma, kwa sababu bati tupu huchanika likivutwa na uzito wa mtu katika ajali. Kazi hiyo ni ya mtu anayejua kuweka bamba la kuimarisha. Bolti za mikanda ni za chuma kigumu, na nyingi ni za inchi 7/16 zenye nyuzi 20 kwa inchi, ambazo bolti ya milimita haiingii sawasawa hata ikionekana kuanza kushika. Kikunjio nacho kikae kwa pembe ile ile kilivyokaa katika gari kilikotoka, kwani kikiinama hujifunga ovyo au hukataa kujifunga. Ukimaliza, uvute mkanda kwa ghafla ukiwa umeketi, ujaribu tena gari likiwa limeegeshwa kwenye mwinuko, na usimruhusu abiria kuketi upande ambao haujapita majaribio hayo.