Kugombea Uingereza ukiwa na pasi ya Tanzania

Msomaji aliye Uingereza ameuliza swali fupi: ana ukaazi wa kudumu, pasi ya Tanzania hataki kuiachia, je, siasa za huko ndiyo basi? Sivyo. "Chukua uraia kwanza" ni ushauri wa ghali kwa Mtanzania mtu mzima, maana sheria ya nyumbani hairuhusu uraia pacha. Ukiapa kule, huku umeshatoka.

Sheria ya Uingereza inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye ukaazi usio na kikomo kugombea udiwani, hata ubunge. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Burundi, Kongo na Omani hazimo, kwa hiyo wa huko watahitaji uraia. Raia wa Jumuiya ya Madola mwenye viza ya kazi au ya masomo anapiga kura lakini hagombei, na hapo ndipo wengi huchanganya.

Kwa England, mgombea udiwani awe na miaka 18 na jina kwenye daftari la wapiga kura la halmashauri ile, au awe ameishi ama kufanya kazi humo miezi 12 mfululizo. Dhamana ya fedha hakuna. Fomu inataka wadhamini wawili tu, lakini wote wawe wapiga kura wa kata unayogombea. Rafiki wa mtaa wa pili akiwa kata nyingine, fomu imekufa. Namba ya daftari ya kila mdhamini nayo inakiliwe kama ilivyo. Fomu irudishwe kwa mkono, mwisho saa kumi jioni, siku ya 19 ya kazi kabla ya kura. Nenda wiki nzima mapema, uwaombe maofisa waikague.

Kinachowaumiza zaidi wahamiaji ni ajira. Mlezi wa wazee au mpishi wa shule anayelipwa na halmashauri yenyewe hawezi kuigombea hiyo hiyo. Aache kazi kabla ya kurudisha fomu. Baada ya matokeo, ripoti ya matumizi ifike ndani ya siku 35, hata kama hukutumia senti. (Walioshindwa ndio husahau.)

Ubunge unataka wadhamini 10 na pauni 500, ambazo hazirudi usipovuka asilimia 5 ya kura. Udiwani ni mlango wa bei nafuu zaidi. Magid Magid, mzaliwa wa Burao, Somaliland, aliyefika Sheffield akiwa mtoto, alipata udiwani 2016, umeya wa heshima 2018, na Bunge la Ulaya 2019.

Australia ni kinyume kabisa: kifungu cha 44 cha katiba kinamzuia mwenye uraia wa nchi nyingine kuingia bungeni. Lucy Gichuhi, mzaliwa wa Kenya, aliingia Seneti 2017 baada ya aliyemtangulia kwenye orodha ya chama kuenguliwa na mahakama, naye akaulizwa kuhusu uraia wake. Kilichomwokoa ni katiba ya zamani ya Kenya, iliyokuwa imemvua uraia alipokuwa Mwaustralia. Kwa uchaguzi wa 2019 chama chake kipya kilimweka nafasi ya nne kwenye orodha, na kiti kikaenda.

Basi chama kikikuita, usishangilie mwaliko. Uliza ni kata gani, kisha fungua tovuti ya halmashauri uone chama hicho kilipata kura ngapi pale chaguzi mbili zilizopita. Wageni hupewa kwanza kata ambazo wenyeji wamezikataa.