Mwacheni ashinde, lakini msimponye

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama hadithi inaweza kumsaidia mtoto asiyeweza kutulia darasani. Kwangu hilo linategemea mwandishi anamfanya nini mtoto huyo kwenye sura ya mwisho. Nimechoshwa na hadithi ambazo mhusika anasahau madaftari kitabu kizima, tumbo linamsokota kila asubuhi ya mtihani, halafu anashinda shindano, shule nzima inapiga makofi, na matatizo yameisha. Nani amewahi kupona kwa makofi?

Zamani ilikuwa mbaya zaidi, nakiri. Katikati ya miaka ya 1840 daktari Mjerumani, Heinrich Hoffmann, alichapisha mashairi ya watoto yenye mvulana asiyetulia mezani: anabembea na kiti mpaka anaanguka na kitambaa cha meza, chakula chote chini. Wazazi wanakasirika, na hakuna anayemuuliza mtoto kitu. Vitabu vya siku hizi vya watoto wa miaka 8 hadi 12 angalau humwacha mtoto asimulie mwenyewe.

Kimoja nilimsomea mpwa wangu, ambaye walimu humwita mzembe. Msichana wa kwenye hadithi yuko darasani, wanasoma kwa zamu, kila mtu aya moja. Hasikilizi hata neno. Anahesabu vichwa vilivyo mbele yake, anahesabu na aya, anaipata yake, kisha anaifanyia mazoezi kimoyomoyo: neno gumu liko wapi, atapumua wapi. Jasho linamtoka viganjani. Zamu inakaribia. Mara mwalimu anamruka mwanafunzi mmoja anayekohoa, hesabu yote inavurugika, na msichana anasoma kwa sauti aya isiyo yake. Darasa linaangua kicheko. Mwalimu anasema, "Ungekuwa unasikiliza."

Mpwa wangu aliweka kidole kwenye ukurasa. "Mjomba, huyu mwalimu ndiye aliyeruka mtu!" Alikuwa amekasirika kweli. Akataka turudie. Tukarudia. Kisha akanieleza, bila kuulizwa, kwamba ukikaa safu ya nyuma unapata muda mrefu wa kuhesabu, lakini na muda wa kuogopa unakuwa mrefu vilevile. Mama yake alikuwa mlangoni na pasi mkononi, akasahau alichokuja kutafuta. Mtoto tuliyedhani hana umakini alikuwa ameutumia wote kwenye woga. Kwa hiyo mkiniuliza kitabu kile kilimsaidia nani, nitasema sisi wakubwa kwanza.

Sasa, sura ya mwisho. Ndiyo, msichana anashinda mdahalo, na makofi yapo. Nilitaka kuipitia harakaharaka. Mpwa wangu akakataa. Ndiyo sura anayoirudia mpaka leo, kuliko hata ile ya kusoma kwa zamu. Basi, waandishi, mwacheni ashinde. Mtoto anayechekwa mchana kutwa ana haki ya kushinda mahali fulani, hata kama ni kwenye karatasi. Ila kesho yake asahau tena begi, maana ndivyo ilivyo. Na huyu ni mtoto mmoja tu. Wa kwenu huenda akakitupa kitabu hichohicho. Pia kitabu si daktari: wasiwasi ukimnyima mtoto usingizi au ukamfanya akatae shule, apelekwe kwa mtaalamu, hadithi isubiri.