Kitambaa cha watu

Mmeuliza wiki hii: mtu akipoteza kazi kwa dawa za kulevya, nani hupata shida zaidi kurudi, mwanamume au mwanamke? Nitajibu kwa watu wawili wa kwetu Temeke, Dar es Salaam, kaka yangu na binti wa shangazi. Wote walibwia unga, yaani heroini.

Kaka alikuwa fundi gereji. Unga ulipomkolea akawa anasinzia amesimama, spana mkononi, na jioni vifaa vikihesabiwa vinapungua. Akafukuzwa. Miaka ikaishia maskani, kijiweni kwa watumiaji, kwa kete za unga na arosto, yale maumivu ya kuukosa, hadi alipoanza methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto. Hospitali ya Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata, tena bure. Alipopata nafuu, gereji ileile ikampokea kama deiwaka, kibarua wa kutwa. Hakuna aliyemuuliza miaka ile alikuwa analala wapi. Lakini mpaka leo ni deiwaka: hana mkataba, hana NSSF ya kumwekea pensheni, akiugua hakuna anayemlipa.

Binti wa shangazi ni fundi cherehani. Unga alionjeshwa na mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Wanawake kadhaa niliowakuta kliniki nikimsindikiza walinisimulia hivyohivyo. Alipoacha, mikono ilirudi, tundu la kifungo analitoa safi kama zamani. Wateja ndio hawakurudi. Ushonaji ni kuachiwa kitambaa cha watu, na mtaa ulishaamua kwamba huyu ni mwizi na aliuza mwili. Akaomba kazi za ndani, mama mwenye nyumba akasema hawezi kumwachia watoto. Mtoto wake mwenyewe alikuwa analelewa na bibi. Haya kaka hakuambiwa na mtu, na yananiuma, kwa sababu walivuta unga uleule.

Kuna na suala la saa. Methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku kliniki, mbele ya muuguzi. Kaka akitoka kliniki anafika gereji saa nne na bado anaambulia gari. Ukiwa umeajiriwa dukani au kiwandani, ukichelewa hivyo wiki nzima huna kazi. Nawaomba wahusika: fungueni dirisha alfajiri.

Sasa binti wa shangazi anashona sare za shule sebuleni kwangu, anaingia saa tano akitoka kliniki. Juzi jirani alileta kitenge akidhani nashona mimi. Nikamwonyesha fundi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kitakuwa tayari lini.